Mkono na Mchezo wa Televisheni

Kila chombo kilichoundwa na mwanadamu kina mahali pa kushikwa. Jembe lina mpini, mtungi una shingo, mlango una komeo, na baiskeli ina usukani. Aundaye chombo, atake asitake, huwa amekwisha kuufikiria mkono utakaokishika. Hupima upana wa kiganja na urefu wa vidole, akakadiria na nguvu za misuli. Lakini mikono ya watu hailingani. Kuna mkono wa mtu mzima na mkono wa mtoto. Kuna mtu atumiaye kuume na mtu atumiaye kushoto. Na kuna mtu ambaye mikono yake imelala ubavuni, haimtii tena. Basi kila mpini una swali ndani yake: je, ulichongwa kwa ajili ya mkono wa nani?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya vyombo vya kazi, lakini katika insha hii nataka kuliuliza juu ya vyombo vya mchezo. Nitaeleza habari za vidhibiti vya ajabu vilivyoundwa kwa ajili ya mashine za kale za michezo ya televisheni. Kidhibiti ni kile chombo ambacho mchezaji hukishika ili kuyaongoza mambo yatokeayo kwenye kioo. Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba mchezo ni jambo dogo lisilostahili historia. Wafikirio hivyo na watazame watu waketipo kuzunguka bao la kete wakati wa jioni. Hapo hupatikana urafiki, mzaha, mashauri na habari za mji. Mchezo ni baraza, na mtu aliyefungiwa nje ya mchezo amefungiwa nje ya baraza.

Mwanzo wa habari hii ni Ralph Baer. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika jamaa ya Kiyahudi, na mwaka 1938 jamaa hiyo ilikimbilia Marekani ili kuyaepuka mateso ya utawala wa Hitler. Huko alijifunza ufundi wa redio na televisheni, akawa mhandisi. Mwaka 1966 alipata wazo ambalo leo laonekana jepesi: ya kwamba kioo cha televisheni, ambacho mpaka siku hiyo kilikuwa cha kutazamwa tu, chaweza kuchezewa. Pamoja na wenzake katika kampuni ya Sanders Associates, huko New Hampshire, aliunda mashine za majaribio. Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox iliuza mashine iliyotokana na majaribio hayo kwa jina la Odyssey. Hiyo ndiyo mashine ya kwanza ya michezo ya televisheni kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani.

Odyssey haikuwa na sauti, wala haikuweza kuhesabu magoli. Ilionyesha vidoa vichache vya nuru na mstari, na wachezaji walibandika juu ya kioo karatasi za plastiki zenye picha ili wapate uwanja wa kuchezea. Kidhibiti chake kilikuwa kisanduku chenye virungu vya kuzungusha, mfano wa kile cha kuongezea sauti ya redio. Kirungu kimoja kilipandisha na kushusha doa, kingine kililipeleka kuume na kushoto, na cha tatu kilipinda mwendo wa mpira. Tangu siku zile za mwanzo palikuwapo pia kidhibiti cha namna ya pekee, nacho ni bunduki ya mchezo iliyouzwa mbali na mashine. Ndani yake hamkuwa na risasi, bali jicho dogo la kuhisi nuru. Ilipoelekezwa penye nuru kali na kifyatulio kikavutwa, shabaha ilihesabiwa kuwa imepatikana. Lakini jicho lile halikujua kutenga nuru na nuru. Mchezaji mwenye hila aliweza kulielekeza kwenye taa ya chumbani, naye akahesabiwa kuwa mlenga shabaha hodari.

Mwaka 1977 kampuni ya Atari ilitoa mashine iliyokuja kuitwa Atari 2600, nayo ndiyo iliyoeneza desturi ya kushika kijiti kiitwacho joistiki. Kijiti hicho kilisimama katikati ya kitako cha mraba, na kitufe kimoja chekundu kiliwekwa pembeni, upande wa kushoto. Mchezaji alikikamata kitako kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kitufe kwa dole gumba la mkono huo, na mkono wa kuume ukasukuma kijiti. Kwa watu wengi mpango huu ulifaa. Lakini kwa mtu atumiaye mkono wa kushoto ulikuwa kama kuandikishwa kwa mkono usio wake. Hakuna sheria iliyomkataza kucheza. Kitako kile cha plastiki ndicho kilichomwambia kimyakimya kwamba hakufikiriwa.

Katika miaka iliyofuata makampuni yalishindana kubuni vidhibiti vingine. Mwaka 1982 mashine ya ColecoVision ilipata usukani wa gari na pedali ya kukanyagia kwa mguu. Mwaka 1983 Atari ilitoa kidhibiti chenye vitufe vikubwa kwa ajili ya watoto wadogo, kwa kuwa ilitambuliwa kuwa vidole vya mtoto si vya baba yake. Mwaka 1982 kampuni changa ya Amiga iliuza ubao wa kusimamia ulioitwa Joyboard. Mchezaji alisimama juu yake, akauelekeza mchezo kwa kuegemea huku na huku, kana kwamba anateleza juu ya theluji. Husimuliwa kwamba wahandisi wa kampuni hiyo, walipochoshwa na kazi ya kuunda kompyuta, waliketi juu ya ubao huo na kushindana kutulia pasipo kuutikisa. Ubao wenyewe haukuleta utajiri. Michezo iliyotungwa kwa ajili yake ilikuwa haba mno, na hapa tunakutana kwa mara ya kwanza na ugonjwa ulioviua vidhibiti vingi vya ajabu. Mtunzi wa michezo hutunga kwa ajili ya kidhibiti kilichomo katika kila nyumba. Mnunuzi naye hanunui kidhibiti kisicho na michezo. Kila mmoja humngoja mwenziwe atangulie, na katika kungojana huko chombo hufa.

Mwaka 1983 biashara hii iliporomoka nchini Marekani. Michezo mibovu ilikuwa imejaa madukani, na wenye maduka, baada ya kupata hasara, hawakutaka hata kulisikia jina la michezo ya televisheni. Mwaka huohuo kampuni ya Nintendo ilianza kuuza nchini Japani mashine yake iitwayo Famicom. Kidhibiti chake hakikuwa na kijiti, bali kilikuwa na kitufe chenye umbo la msalaba. Umbo hilo lilibuniwa na Gunpei Yokoi, na lilitumiwa mwaka 1982 katika mchezo mdogo wa mkononi wa Donkey Kong. Msalaba ulikishinda kijiti kwa sababu haukuhitaji mkono mzima. Dole gumba moja lilitosha. Mpaka leo msalaba huo, au mfano wake, umo katika vidhibiti vingi duniani. Hata hivyo sharti halikuondoka, lilipungua tu: mchezaji sasa alihitaji madole gumba mawili yaliyo mepesi na yenye utii.

Nintendo ilipoipeleka mashine hiyo Marekani mwaka 1985, ilikuta milango imefungwa, kwa sababu niliyoieleza. Basi ikatumia werevu. Katika sanduku moja na mashine ilitia roboti ndogo ya plastiki iliyoitwa R.O.B., ili wenye maduka waione kuwa ni kitu cha kuchezea watoto, wala si mashine ya michezo waliyokwisha kuichukia. Roboti hiyo iliupokea mwito wake kwa macho: kioo cha televisheni kilimweka-mweka kwa namna maalumu, nayo ikageuka, ikainua pia zilizokuwa zikizunguka kwa kasi na kuziweka juu ya vibao, na uzito wa pia ukabonyeza vitufe vya kidhibiti cha pili. Ilikuwa ajabu ya kutazamwa, lakini ilikwenda polepole kama kinyonga. Mtoto yeyote aliyeketi kando aliweza kuifanya kazi ya roboti kwa kidole kimoja, tena kwa upesi zaidi. Michezo iliyotungwa kwa ajili yake ilikuwa 2 tu. Roboti iliufungua mlango wa duka, na mlango ulipokwisha funguka haikuwa na kazi nyingine.

Mwenziwe katika sanduku hilo alikuwa na maisha marefu zaidi, naye ni bunduki ya nuru iitwayo Zapper, iliyotumiwa katika mchezo wa kuwinda bata. Hii ilikuwa mjukuu wa bunduki ya Odyssey, lakini ilikwisha kuerevuka. Televisheni za Marekani za siku zile zilichora picha mara 60 kwa kila sekunde, upesi ambao jicho la mtu haliwezi kuufuata. Mchezaji alipovuta kifyatulio, kioo chote kiligeuka cheusi kwa muda wa picha moja, kisha mahali alipokuwa bata pakaonekana mraba mweupe. Jicho la bunduki likaulizwa maswali mawili: je, uliona giza? Na je, baada ya giza uliona nuru? Kama jibu ni ndiyo kwa maswali yote mawili, bata ameanguka. Aliyeielekeza bunduki kwenye taa ya chumbani alinaswa, maana taa haizimiki kwa amri ya mashine. Mashine zilizoiga ile ya Nintendo, nyingi zikiundwa huko Asia, zilienea katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, na baadhi yake zilikuja na bunduki kama hiyo. Huenda msomaji anaye mjomba awezaye kumsimulia habari za bata wale.

Baada ya bunduki ulikuja mkeka. Kampuni ya Bandai iliuunda huko Japani mwaka 1986, na mwaka 1988 Nintendo iliuuza Marekani kwa jina la Power Pad. Ulitandikwa sakafuni, na chini ya ngozi yake ya plastiki palikuwa na swichi zilizohisi nyayo. Mchezaji alikimbia papo hapo alipo, na mtu wa ndani ya kioo akakimbia kwa kadiri ya miguu yake. Watoto hawakukawia kuvumbua kwamba mikono huchoka kidogo kuliko miguu. Wakapiga magoti na kuupiga mkeka kwa viganja kama wapigao ngoma, wakashinda mbio za mita 100 bila kusimama. Waundaji wa mkeka walifikiri wameuza mazoezi ya mwili. Wanunuzi walijua wamenunua ushindi.

Lakini hakuna kidhibiti kilichotamaniwa kama glavu ya mwaka 1989 iliyoitwa Power Glove. Asili yake ilikuwa tukufu. Thomas Zimmerman na Jaron Lanier, katika kampuni ya VPL, waliunda glavu iliyovaliwa na wataalamu ili kompyuta ipate kuujua mwendo wa vidole vyao. Glavu hiyo ilitumia nyuzi nyembamba zipitishazo nuru, na bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Kampuni ya Mattel ikataka kumpatia kila mtoto glavu ya namna hiyo kwa bei isiyozidi dola 100. Ili kufika huko ilibidi mengi yapunguzwe. Mahali pa nyuzi za nuru pakatiwa vipande vilivyopakwa wino upitishao umeme, vilivyoweza kutambua hatua 4 tu za kukunjika kwa kidole, na kidole cha mwisho kiliachwa kabisa. Ili kujua mahali mkono ulipo, glavu ilitoa sauti nyembamba mno zisizosikika kwa sikio la binadamu, na vipokeo 3 vilivyofungwa kuizunguka televisheni vikazisikiliza.

Katika matangazo na katika filamu glavu ilionekana kama mkono wa shujaa wa siku zijazo. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mchezaji alipaswa kwanza kuisawazisha kwa kuunyosha mkono mbele ya kioo, na akisogea kidogo aliisawazisha tena. Michezo ya zamani ilikuwa imetungwa kwa ajili ya msalaba na vitufe, na kila mmoja ulihitaji namba maalumu ya kupigwa kwenye vitufe vya kigasha ili glavu ipate kujifanya kidhibiti cha kawaida. Michezo iliyouzwa mahususi kwa ajili ya glavu ilikuwa 2, kama ile ya roboti. Tena mkono ulioinuliwa hewani kwa nusu saa huchoka, ilhali dole gumba haliumii upesi hivyo. Isitoshe, glavu iliundwa kwa mkono wa kuume peke yake. Chombo kilichojigamba kuwa ni mkono wenyewe kiliisahau nusu ya mikono ya dunia. Haikudumu sokoni ila mwaka mmoja hivi.

Yako mengine ambayo nitayapita kwa haraka. Kampuni ya Konami iliuza kofia ya kulengea shabaha iliyofyatua kwa sauti ya mchezaji, lakini ilifyatua vilevile kwa kikohozi, au kwa mlango ulioshindikwa. Mwaka 1993 kampuni ya Sega iliuza pete kubwa yenye pande 8, ya kulazwa sakafuni, iliyorusha juu miale isiyoonekana. Mchezaji alisimama katikati na kuikata miale hiyo kwa ngumi na mateke. Alitoka jasho jingi, akapata ushindi kidogo, maana kitufe cha kawaida kilitii upesi kuliko teke.

Sasa nafika kwenye kidhibiti ambacho ndicho kilichonifanya niandike insha hii. Mwaka uleule wa 1989, glavu ilipokuwa ikipigiwa tarumbeta, Nintendo ilitoa kidhibiti kingine pasipo kelele. Hakikutandazwa madukani, aliyekihitaji alikiagiza kwa kuipigia simu kampuni yenyewe. Kiliitwa Hands Free, kwa maana hakikuhitaji mikono. Kilikuwa kisanduku cha kufungwa kifuani kwa mikanda, mfano wa kizibao. Kutoka humo kilichomoza kijiti kilichofika karibu na mdomo, cha kusukumwa kwa kidevu au kwa ulimi, pamoja na mrija mdogo. Kuvuta pumzi katika mrija kulikuwa sawa na kubonyeza kitufe kimoja, na kupuliza kulikuwa sawa na kubonyeza cha pili. Mtu aliyepooza tangu shingoni aliweza kukimbia, kuruka na kupigana katika kioo kwa pumzi yake.

Nintendo haikuwa ya kwanza kulifikiri jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani, fundi mmoja aliyewahi kuwa mhandisi wa vyombo vya angani alikwisha kuanza kuwaundia watu waliopooza vidhibiti vya Atari vya kuongozwa kwa mdomo, akiviunda kwa mkono wake kimoja kimoja. Lakini kampuni kubwa kabisa ya michezo ilipokitia jina lake katika chombo cha namna hii, ilikiri mbele ya watu kwamba waliopooza nao ni wachezaji.

Na tutazame hekima ya muundo wake. Roboti ilihitaji michezo yake, na glavu ilihitaji michezo yake. Hands Free haikuhitaji mchezo wowote maalumu. Ilisema na mashine kwa lugha ileile ya kidhibiti cha kawaida, hata mashine yenyewe haikuweza kujua kama aliyeiamuru ni dole gumba au ni pumzi. Kwa sababu hiyo ule ugonjwa wa kungojana haukuipata. Michezo yote iliyochezwa kwa vitufe, iliyokwisha kutungwa na itakayotungwa, ilikuwa tayari ni yake. Kijana asiyeweza kuinua kijiko aliketi kando ya nduguye, wakacheza mchezo mmoja, kwa sheria moja, na kushindwa kwa nduguye kukawa ni kushindwa kwa kweli, si hisani. Anayejua maana ya kuhurumiwa kila siku ataijua thamani ya kushindana sawasawa kwa saa moja.

Miaka imepita, na vyombo nilivyovitaja vimekuwa vitu vya makumbusho na hazina za wakusanyaji. Bunduki ya bata haiwezi kulenga kitu katika televisheni bapa za siku hizi, kwa kuwa ilitegemea namna televisheni za kale zenye mgongo mnene zilivyochora picha. Tamaa ya glavu, ya kwamba mwendo wa mkono wenyewe uuongoze mchezo, ilitimia katika mashine ya Wii ya mwaka 2006, kwa ufundi uliokwisha kukomaa. Na fikira ya Hands Free nayo haikufa. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft, baada ya kushauriana na vyama vinavyowahudumia wachezaji wenye ulemavu, ilitoa kidhibiti chenye vitufe viwili vipana na matundu 19 mgongoni. Katika kila tundu mchezaji huchomeka swichi imfaayo: ya mguu, ya kiwiko, ya mdomo au ya kichwa. Mwaka 2023 kampuni ya Sony nayo ilitoa chake. Waundaji wa siku hizi wamekubali kwamba hakuna mpini mmoja ufaao mikono yote, wakaacha nafasi ili kila mtu alete mpini wake.

Enyi vijana mnaosoma, baadhi yenu mtakuwa mafundi, waashi, waalimu na watunga sheria. Mtaunda milango, madawati, ngazi, vitabu na mashine. Historia ya vitu hivi vya kuchezea yawaonyesha njia mbili. Muundaji mmoja huuliza, "Nifanye nini ili watu washangae?" Mwingine huuliza, "Ni nani aliye nje, na mlango wake uko wapi?" Wa kwanza hupata makofi, na mara nyingi makofi hayo hayadumu zaidi ya msimu mmoja. Wa pili huenda asisikiwe na watu wengi. Lakini mahali fulani, katika chumba ambacho hatakiona, yuko mtu asiyeweza kuinua mkono, naye yumo barazani.